Shimo la Fransis

Mtoto akinona, watu huona mashavu, hawaoni miguu. Ndivyo ilivyokuwa Mbagala kwa Fransis, mwana wa Filomena na Benedikto mchonga vinyago. Alikaribia miaka miwili, hajasimama. Mgongoni kwa mama yake ndiko kwao.

Kwenye foleni ya sukari, duka la ushirika, majirani hawakumwacha Filomena bila utani.

"Mama Fransis, lishushe hilo gunia! Au litakwenda gwaride la chipukizi hivyo hivyo mgongoni?"

"Ana homa," alijibu Filomena.

"Homa gani ya tangu masika?" Huyo alikuwa Mauwa, jirani yake, muuza vitumbua. Foleni ikacheka.

Mama mkwe wake, Bibi Rosalia, alikuwa na jibu moja: "Hata baba yake alichelewa. Muache." Filomena akaacha.

Siku ya kupima uzito kliniki, Fransis alivalishwa kaptura ya mizani, akaning'inizwa. Wenzake walirusha mateke. Yeye alitulia kama nguo kambani. Nesi Tunu hakuutazama mshale, alimtekenya nyayo.

"Mama, huyu anasimama?"

Mabenchi yalijaa majirani. "Anasimama, dada. Leo ana homa tu."

Nesi akamgusa mtoto shingoni. "Homa hana." Akamvuta mama pembeni. "Chimbeni shimo uani, limfike kiunoni. Tandika gunia, umsimamishe humo asubuhi na jioni, umwekee kitu mbele akifuate kwa mikono. Udongo uwahi ungali maji, mama."

Benedikto alichimba. Fransis akasimamishwa, analia, viganja vimeshika mchanga. Mauwa akachungulia uani.

"Jamani! Mnamzika mzima mzima?"

Jioni habari ilishafika kwa balozi wa nyumba kumi. Bibi Rosalia akashika jembe, akalifukia shimo. "Kwetu mtu hushushwa shimoni akiwa maiti. Mjukuu wangu hashuki humo mie nikiwa hai."

Filomena akamfunga tena mtoto mgongoni. Kipupwe kikapita, na vuli ikapita.

Asubuhi moja, akimwogesha, aliona visigino vimepanda juu. Alivisukuma, havikushuka. Akamweka mtoto mkekani, akachukua jembe mwenyewe, akachimba mbele ya nyumba, njia ya foleni inapopita. Bibi Rosalia akatoka.

"Shikamoo, mama," alisema Filomena, bila kuacha kuchimba. "Ukilifukia, nachimba jingine."

Halikufukiwa. Watu walikuja kutazama, na Mauwa naye. Yeye ndiye aliyeweka kitumbua ukingoni, mbali kidogo na mkono wa mtoto. Fransis alilia, akajinyoosha, akakifikia.

Masika yalipoanza alisimama nje ya shimo, kakumbatia kinu. Kisha akatembea.

Kisigino cha kushoto hakijashuka mpaka leo. Nesi Tunu alikishika, akauliza shimo lilichimbwa lini. Alipoambiwa, alihesabu miezi kwa vidole, akakiachia. Bibi Rosalia hukikanda kwa mafuta ya nazi kila jioni.

Foleni sasa Fransis anakwenda kwa miguu yake, akidunda upande. Mwenye mtoto mgongoni akimuuliza Filomena Fransis ana nini, hataji homa tena.

"Mshushe kwanza wako," humwambia. "Mshushe, nimwone miguu."