Tawi la Isale

Mwaka wa 1957, Jumatatu moja, mwanangu Wenseslaus alishuka garimoshi la Mombasa akapanda mlima mbio mbio kuja kumwona mtoto wake. Mimi, Aikande, nikamsimamisha uani kwa ufagio.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Simama hapo hapo!"

Jana yake bwana afya alikuwa ametutangazia kanisani: homa mpya ya kifua imevuka bahari, imeshuka na meli Mombasa, sasa inapanda garimoshi pamoja na watu. Anayetoka pwani akae peke yake siku kumi. Na ndani mkwe wangu Bernadetha alikuwa na kichanga cha siku nane. Wa kwanza tulimzika mwaka uliopita, kwa kikohozi. Thubutu! Nisingezika wa pili.

Nikampeleka Wenseslaus banda la kahawa. Chakula namwekea juu ya jiwe, naondoka, ndipo anakuja kuchukua. Siku ya pili akachoka.

"Mimi mzima kabisa! Umenifungia nje kama mwizi. Mama gani wewe?" Akaongeza tusi ambalo sitalirudia. Nililia, sikuficha.

Kesho yake asubuhi nikamwona anakuja, ameshika tawi la isale kwa mikono miwili. Kwetu Uchagani anayeomba msamaha kwa isale hakataliwi, hata kama ameua. Naye alijua, mjanja yule! Nikimpokea, ataingia. Nikimkataa, nitawaambia nini wazee wa ukoo? Ndani mtoto akalia, baba yake akapiga hatua.

"Liweke chini, rudi nyuma," nikasema.

Akaliweka. Nikaliokota kwa jani la mgomba, nikalichomeka ardhini katikati yetu, vile vile tunavyopandia mipaka ya vihamba vyetu, mashamba ya migomba ya ukoo.

"Nimekusamehe, mwanangu, kwa moyo wote. Na hapa ndipo mpaka."

Akageuka, akarudi bandani. Jioni ile ile homa ikamwangusha.

Siku tatu nilikaa upande wangu, nikimsogezea kibuyu cha maji kwa mti mrefu. Alikohoa mpaka nikaziba masikio. Nilimzaa mimi, na sikuweza hata kumfuta jasho. Siku iliyofuata sauti nyembamba ikatoka bandani.

"Mama, mtoto mzima?"

"Mzima. Ananyonya."

Akakohoa.

"Basi lile tawi usiling'oe."