Kitambaa cha Orrin

Huko Mirasol, jangwani, mtu huhesabiwa kuwa hai kwa kitambaa. Jua likichomoza juu ya mgongo wa milima, kila mwenye kiwanja hutoka nje, huvuta kamba, gurudumu la kapi hulia, na kitambaa chake hupanda hadi ncha ya mlingoti. Jua likizama, hukishusha. Kitambaa kisipopanda, au kikilala juu, jirani wa karibu zaidi huwasha gari kwenda kutazama. Akifika hasogelei mlango. Husimama getini, huita jina, kisha hungoja muda wa mtu kuvaa viatu, kwa sababu wengi huko hulala na bunduki ubavuni na hawapendi kushtuliwa. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo, na hakuna anayeivunja.

Corliss Vandermeer aliikubali kwa sababu ilikuwa na akili ndani yake. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi katika maabara ya mgodi wa shaba, akipima unga wa mawe, na alipostaafu alihamia Mirasol na mazoea yake yote. Umeme wake ulitoka kwenye paneli za sola, maji yake kwenye lori la Nieves Armendáriz. Simu haikushika ila juu ya kilima. Nyumba ya jirani wa karibu, mzee Hobart Teague, ilionekana upande wa magharibi kama kiberiti kilichodondoshwa mchangani. Mtu akivunjika mguu mahali kama hapo, kitambaa ndicho kinachompigia yowe.

Kiwanja alikinunua kwenye mnada wa wilaya bila kukiona, kama wanunuzi wengi wa huko. Zamani kampuni moja ilikata jangwa lile vipande vipande, ikachora barabara kwenye ramani, ikazipa majina ya maziwa na mito, kisha ikatoweka. Corliss alikuta bikoni za mpaka kwenye pembe, mlingoti wa chuma, na mstatili wa ardhi tupu ambao hata vichaka vya jangwani vilikuwa havijaurudia. Hapo ndipo lilipokuwa trela alimoishi mwenye kiwanja aliyemtangulia, Orrin Stambaugh.

Orrin alifia kitandani mwanzoni mwa baridi. Alikutwa pepo za Machi zilipoanza, na mtu wa kukusanya kodi, si jirani. Mwili ulikuwa umekauka kama ngozi iliyowambwa. Na Mirasol nzima iliapa kwamba siku zote hizo kitambaa chake kilipanda asubuhi na kushuka jioni.

"Wote mliapa?" Corliss aliuliza alipohadithiwa mara ya kwanza.

"Wote," Hobart alisema. "Hata Nieves, na huyo haapi hata kanisani."

"Basi wote mlikuwa wavivu, halafu mkaona haya."

"Sawa, Profesa. Wewe umekuja jana, unajua zaidi."

Corliss hakubishana. Maelezo yake yalimtosha. Maabarani aliwahi kuwa na wasaidizi walioandika kipimo cha jana bila kuutazama mzani, na wote walikuwa watu waaminifu. Jicho likizoea kitu hukiona hata kisipokuwepo.

Mwezi wa Mei alikwenda mjini kununua mabomba. Giaboksi ya pikapu ikamfia njiani, akakwama kwa dada yake siku kadhaa. Aliporudi, jua likikaribia kuzama, alisimama kwanza kwenye geti la Hobart, tayari kwa matusi.

"Hobart! Ni Corliss! Niko mzima!"

Mzee alitoka na kikombe cha kahawa. "Nani kasema umekufa?"

"Sikuwepo. Gari liliharibika. Hukuja kuniangalia?"

"Nije kuangalia nini? Kitambaa chako kilikuwa juu."

"Hakikuwa juu. Nilikishusha jioni ya kabla ya safari."

"Nimekiona leo, kabla ya kahawa. Chekundu. Kina kile kiraka ulichoshona kama mtoto wa chekechea."

"Mzee Hobart, nakwambia sikuwepo."

"Na mimi nakwambia macho ninayo. Yaliyopungua ni meno."

Aliondoka na hasira. Kwake alikuta kitambaa kiko chini, kamba imefungwa. Lakini yeye hufunga kitanzi kimoja cha haraka. Kamba ile ilizungushwa kwenye ndoano kwa umbo la nane, ncha ikafichwa chini ya mzunguko wa mwisho, kazi ya mtu asiye na haraka. Upepo hufungua mafundo, haufungi. Alichutama akakagua mchanga kuuzunguka mlingoti wote. Aliona nyayo zake mwenyewe, zimeshafifia, na mchirizi wa mjusi.

Siku zilizofuata hakupandisha kitambaa makusudi, akakaa dirishani tangu alfajiri. Hakikupanda. Kilichotokea ni Hobart kuja akipiga honi, akaita jina getini, akamkuta mwanamke mzima amekaa na chai, akamwambia kwamba petroli haiokotwi.

Corliss hakuogopa mizimu. Alichokiogopa alikieleza wazi, siku Nieves alipoleta maji.

"Kama yupo anayeweza kukipandisha nikiwa mjini, anaweza pia kukipandisha nikiwa nimelala chini nimeumia. Basi hakuna atakayekuja. Tutumie redio za kuitana."

Nieves alikuwa akivuta mpira wa maji kuelekea kwenye tangi. "Redio inataka betri, dada. Kitambaa kinataka mkono tu."

"Ndilo ninalouliza. Mkono wa nani?"

Nieves aliuchomeka mpira kwenye tangi, akafungua maji.

Tangi la kudumu Corliss alilichimbia ardhini, maji yasichemke kwa jua. Kuta za matofali ya saruji zilikwisha, ikabaki kuzipaka lami. Alasiri moja alikuwa akipanda kutoka shimoni, kidato cha ngazi kikakatika. Alisikia mfupa wa kifundo cha mguu kabla ya kusikia maumivu. Ngazi nayo ikaanguka, ikavunjika vipande viwili.

Alikaa, akahesabu alivyo navyo kama alivyozoea: debe la lami, mtungi mdogo wa gesi wenye mdomo wa moto wa kuyeyushia lami, glavu, matambara, chupa ya maji iliyofika nusu. Shimo lilimzidi kimo hata akinyoosha mikono. Hata hivyo hakuhangaika. Kupitia mdomo wa shimo aliiona ncha ya mlingoti na kitambaa chekundu alichokipandisha mwenyewe asubuhi. Leo hakuna wa kukishusha. Jua litazama kikiwa juu, na Hobart atakuja.

Anga lilianza kuwa la rangi ya shaba. Kapi likalia.

Kitambaa kilishuka. Hakikuanguka; kilishushwa, mvuto, pumziko, mvuto, pumziko, kama afanyavyo mtu mwenye mabega mabovu.

"Nani hapo?" Corliss aliita. "Hobart? Niko huku chini!"

Hapakuwa na hatua wala pumzi. Kamba iligonga chuma, ikazungushwa, ikanyamaza.

Usiku ulikuwa wa baridi na mrefu, na haukuleta mtu. Jua lilipochomoza kapi lililia tena, na kitambaa kikapanda hadi ncha, kikatulia mahali pake. Kwa mbali, upande wa magharibi, alisikia mlango wa Hobart ukijibamiza. Mzee ametoka na kahawa yake. Anatazama upande huu. Ameona chekundu. Corliss aliita, lakini sauti yake haikuvuka ukingo wa shimo, na mlango ulijibamiza tena.

Hapo Corliss alielewa kwamba majirani wa Orrin hawakusema uongo, na kwamba yeye ndiye aliyekosea. Hakuona chuki yoyote katika jambo lile. Ilikuwa kazi, inafanywa kwa wakati wake, na hakuna aliyemwambia mwenye kuifanya aache. Kazi hiyo ingefanywa leo, na kesho, na keshokutwa, wakati yeye anakauka. Maji yalikuwa yamekwisha.

Mirasol kuna kitu kimoja kinachoonekana mbali kuliko kitambaa, nacho mwezi wa Mei kimepigwa marufuku. Juu, karibu na shimo, alikuwa amerundika mifuko mitupu ya saruji na vipande vya bomba la plastiki. Nyuma ya rundo, upande wa mashariki, kulikuwa na nyumba yake ya mbao. Upepo ukielekea mashariki, angeichoma nyumba kwa mkono wake mwenyewe.

Aliutazama mlingoti. Kitambaa kilielekea mashariki. Alingoja, ulimi ukimganda kinywani. Jua lilipoanza kuchoma, kikalegea, kikasita, kisha kikageuka na kunyooka kuelekea kusini, kwenye mchanga mtupu. Alichovya glavu kwenye lami, akaiwasha, akairusha. Iligonga ukingo na kumrudia miguuni. Akaizima kwa tambara. Ya pili aliifunga kwenye kipande cha tofali. Ilivuka.

Moshi ulipanda mweusi, mnene, umenyooka kama nguzo. Muda si mrefu alisikia gari likija kwa kasi, na matusi yakilitangulia.

"Ewe mwanamke! Una kichaa? Mei yote hakuna kuwasha moto, nawe unachoma takataka! Unataka tuive wote kama maharage?"

"Hobart. Niko shimoni."

Koleo lilifanya kazi kwanza, mchanga ukimwagwa juu ya moto. Kisha uso wa mzee ukachungulia. "Shimoni unafanya nini?"

"Nimevunjika mguu. Tangu jana."

"Jana? Lakini kitam..." Corliss alimwona akigeuka kuutazama mlingoti. "Kina kiraka," mzee alisema, kwa sauti ndogo.

Corliss alipokuwa kwa dada yake mjini, mguu ukiwa ndani ya plasta, Hobart aliukata mlingoti kwa msumeno wa chuma. Baadaye alipanda kilimani akampigia simu.

"Tumeulaza chini, Profesa."

"Vizuri."

"Si vizuri. Asubuhi kitambaa kiko kwenye ncha. Jioni kiko kwenye shina. Kinaburutwa chini kwa chini, kwenye vumbi."

"Umekiondoa?"

"Nikiondoe mimi? Njoo ukiondoe wewe mwenye elimu."

Dada yake alimsihi auze. Corliss alilipima jambo hilo. Ardhi ilikuwa yake, tangi lilikuwa karibu kwisha, na hatari ilikuwa moja tu, kwamba alama yake na alama ya yule mwingine zilikuwa kitu kimoja. Dawa ya hapo ni kuzitenganisha. Alirudi akitembea kwa magongo, akamlipa fundi auunge mlingoti wa zamani na kuusimamisha palepale ulipokuwa, na kitambaa chekundu akakiacha. Wa kwake mpya aliusimika mlangoni, na kitambaa cha manjano. Juu ya hayo, kila asubuhi angesema neno kwenye redio, na Hobart na Nieves wangejibu, betri au si betri.

Nieves alisimama akiitazama milingoti yote miwili. "Kwa hiyo sasa kiwanja chako kina watu wawili."

"Kina alama mbili."

"Haya, dada, alama mbili. Maji nilete ya watu wangapi?"

Majira ya mvua yalipita, jangwa likanuka vichaka vilivyoloa, likakauka tena. Kila siku kitambaa chekundu kilipanda na kushuka. Watu wakaizoea kazi ile kama walivyoizoea zamani. Corliss alipandisha cha kwake, akasema neno lake redioni, akaenda zake. Hakuwahi kuusogelea mlingoti ule kapi likilia.

Asubuhi moja ya Oktoba redio ilikoroma.

"Dada, cha kwako nimekiona," Nieves alisema. "Cha Orrin hakijapanda."

"Hata mimi sikioni," Hobart alidakia. "Na jua limeshatoka zamani."

Corliss alitazama dirishani. Kitambaa chekundu kilikuwa kwenye shina, kimelala. Redio ilibaki wazi. Wote watatu waliijua sheria. Walijua pia kwamba baridi ile yote aliyokufa Orrin, hakuna aliyewahi kwenda.

"Jirani wa karibu ni mimi," Corliss alisema.

Alijaza galoni ya maji, kama aendavyo mtu yeyote kumtazama jirani. Akachukua fimbo, akatembea hadi nje ya uzio wake mwenyewe, maana sheria huanzia getini. Alijiona mjinga, akakubali kwamba anajiona mjinga, akaendelea.

"Orrin!" aliita. "Orrin Stambaugh! Ni jirani yako!"

Upepo ulikuwa umekatika. Mbele yake ulikuwepo mstatili wa ardhi tupu, mlingoti pembeni yake, basi. Alingoja muda wa mtu kuvaa viatu, kisha akaongeza kidogo, kwa ajili ya mtu mzee mwenye mabega mabovu.

Kapi likalia. Mvuto, pumziko, mvuto, pumziko.

Hakukimbia. Aliingia, akaiweka galoni ukingoni mwa mstatili, akarudi ndani bila kugeuka nyuma, akashika redio.

"Vipi?" Hobart aliuliza.

"Yupo," Corliss alisema. "Kachelewa tu."