Ng'ombe Aliyekuwa kwa Bernadina

Ile sheria niliitunga mimi. Msimtafute mwingine. Hatibu, katibu wa bodi, aliiandika tu kwa mwandiko wake mzuri. Maneno yalitoka kwenye domo langu hili, mimi Yoakimu Margwe, mjumbe wa bodi ya mji wetu mdogo, enzi zile mashamba ya ngano ya serikali yakivuna mpaka malori hayatoshi.

Malori yenyewe yalipita katikati ya mji, na kila penye shimo yalimwaga ngano. Ng'ombe wakazoea. Asubuhi unawakuta wamejaa barabarani wanalamba vumbi. Siku moja dereva akamkwepa fahali, lori likaingia kwenye ukuta wa duka. Hakufa mtu, ila mji ulichemka. Kwenye kikao nikasimama kwa hasira nikasema: ng'ombe atakayekamatwa barabarani achukuliwe na bodi, na mwenye ng'ombe mjini anyang'anywe kiwanja, akafugie kijijini huko! Wenzangu wakapiga meza. Mwenyekiti wetu, Gidabuday, akasema, "Haya ndiyo maneno ya kiongozi." Nikakaa, kichwa kimevimba.

Na muda wote huo mimi mwenyewe nilikuwa na ng'ombe mjini.

Hakuwa nyumbani kwangu. Alikuwa kwa Bernadina, mjane wa rafiki yangu Sulle, kwenye kiwanja chake kando ya barabara. Kwetu Wairaqw mtu haweki ng'ombe wake wote zizi moja. Unampa mwenzako mmoja akutunzie: maziwa na samadi ni vyake, ndama ni wako. Na anayetunza hasemi ng'ombe ni wa nani. Hilo ni la mwenye ng'ombe kulisema. Nilimpeleka pale mwaka Sulle alipofariki, akaacha watoto watatu wadogo, na maziwa yale ndiyo yaliyowakuza. Lakini sitadanganya, nilipenda pia watu wasijue nina ng'ombe wangapi. Baada ya kile kikao nilijiambia nitamhamisha Jumamosi. Jumamosi ikapita. Eti nilikuwa na mambo mengi!

Jumanne mgambo wakamkamata. Mwekundu, paji jeupe, amekata kamba, anakula ngano mbele ya mgahawa wa Saumu. Ijumaa Bernadina akaitwa mbele ya bodi.

Aliingia amejifunga kitenge cha kwendea kanisani. Akatuamkia shikamoo mmoja mmoja, na mimi nikaitika marahaba kama wengine. Gidabuday akamuuliza, "Mama, huyu ng'ombe ni wako?"

Akanitazama, bila ukali wowote, kama mtu anayekupisha mlangoni upite kwanza. Ilikuwa zamu yangu kusema, na nilijua. Nikafikiria kiwanja changu na nyumba ya bati niliyoimaliza juzi. Nikafikiria uchaguzi wa mwenyekiti mwezi unaofuata. Nikamfikiria Hatibu na utani wake, atakavyopiga kelele, "Mkuki kwa nguruwe, mzee Margwe!" na wote wacheke. Basi nikainama chini ya meza, nikajifanya natafuta kalamu.

"Ni wangu," Bernadina akasema.

Gidabuday akaomba wanaoafiki anyang'anywe kiwanja wanyooshe mikono. Nikanyoosha. Ee Mungu wangu, nilinyoosha wa kwanza.

Ng'ombe akaenda kwa mchinjaji. Bernadina akapewa wiki mbili aondoke, na hakuwa na pa kwenda ila kwa kaka yake, kijiji cha Tumati. Wiki hizo mbili nilikuwa nazunguka nyuma ya soko ili nisipite mbele ya nyumba yake. Mtu mzima, mjumbe wa bodi, najificha kama mwizi wa kuku.

Siku ya kuondoka akaja yeye kwangu, mchana kweupe, akivuta ndama kwa kamba.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, Bernadina."

"Nimekuletea wako."

Ng'ombe wa maskini hazai, wanasema, na akizaa huzaa dume. Yule wangu alikuwa amezaa jike, wa miezi minne, paji jeupe kama la mama yake. Mgambo walipokuja, Saumu alimficha kwenye banda lake la kuni.

"Mama yake sikuweza kumlinda," Bernadina akasema. "Alikata kamba. Nisamehe, baba."

Nisamehe! Ananiomba mimi! Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nikamwambia aende na ndama Tumati, awe wake kabisa, watoto wapate maziwa.

Akatikisa kichwa. "Kaka yangu atauliza nani kanipa, na kwa nini. Ng'ombe hapewi mtu kimya kimya. Njoo wewe useme mbele yake, nitampokea. Mimi nimeshadanganya mara moja mbele ya bodi, uongo huo nitauungama kwa padri. Wa pili siuwezi."

Nikatazama miguu yangu. Akaniwekea kamba mkononi, akaenda kuchukua mzigo wake aliouacha getini.

Ndipo Hatibu akatokea na baiskeli yake. Akafunga breki. "Loo! Mzee Margwe! Ndama wa nani huyo mjini? Au sheria yako imelala?"

Alikuwa anacheka tu, hana baya. Nikafungua mdomo. "Huyu..." nikasema. "Huyu ni wa..."

Neno moja tu lilibaki. Ndama akavuta kamba, mimi nimesimama pale mdomo wazi, na neno halitoki.

Bernadina alikuwa ameshajitwika mzigo kichwani. Akautua. Akarudi polepole.

"Ni wangu, bwana Hatibu," akasema. "Nilimwomba baba anishikie wakati nafunga mzigo. Tunaondoka sasa hivi."

Akanyoosha mkono. Nikamwachia kamba.

"Asante kwa kunishikia, baba," akasema. Hatibu akanipiga begani, akasema wazee wenye roho nzuri kama mimi wamebaki wachache.