Kravati mu Filme ya Orko

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Wapi! Ya bwana yangu ilipita miaka kumi na mbili, tena watu wanaipigia makofi.

Mimi ni Clémence, ninauza mandazi ku mulango wa salle, ukumbi wa parokia, hapa Bukavu. Siku ya Mungu, kisha misa, watu wanaangalia filme. Filme zinasema Kifaransa, na bwana yangu Cyprien anashika mikro, anazigeuza mu Kiswahili. Yeye akinyamaza, salle muzima haielewi kitu.

Filme ya Orko, sehemu ya pili, ilifika mara ya kwanza mu 1978. Orko ni mufalme wa nyota, anachoma miji na kuiba watoto. Lakini aliyemuvalisha, Mungu amusamehe, alimupatia koti bila kola, vifungo mpaka shingoni: abakosti kabisa, nguo ya chama kilichotawala! Na maadui wake walivaa kravati, ile tai ya wazungu, wakati hapa kwetu kravati ilikuwa inakupeleka mu buloko, gerezani. Na ku kiti cha mbele nani alikaa? Muzee Adalbert, mukubwa wa chama mu kartye yetu, mutaa muzima ulimuogopa. Jasho lilimutoka bwana yangu. Akageuza yote: Orko ni baba ya raia, miji anachoma ni michafu, watoto anawapeleka masomoni. Watu walilia kwa furaha. Jirani Virginie alizaa mutoto, akamuita Orko. Padri alikataa, chama kikakubali.

Cyprien alisoma seminari, ule uongo ulimukaa mu tumbo. Kila Pasaka aliniambia: filme ikirudi, ataisema vile iko, ata mara moja tu, kisha afe.

Ikarudi mu 1990. Utawala wa chama kimoja ulikuwa umeisha, kravati zimeruhusiwa. Nilimufunga ya kwake mimi mwenyewe.

Orko alipotokea, makofi kama zamani. Cyprien akasema mu mikro: "Huyu ni muuaji. Nilidanganya, munisamehe."

Nilikamata sahani yangu, tayari kukimbia. Kisha Adalbert akasimama na kravati yake nyekundu, akasema yeye alijua tangu mwanzo. Basi, kumbe kila mutu alijua tangu mwanzo. Virginie akaanza kumuita mutoto wake Benoît pale pale.

Nilifurahi. Bwana yangu alikuwa anasema ukweli, sauti imenyooka kama siku nilimupenda.

Lakini filme haikuwa imeisha. Orko anakufa, wenye kravati wanaingia mu nyumba yake. Mukubwa wao anakaa ku kiti kile kile, anafunga mulango, raia wanagonga inje. Maneno yake nilikuwa ninayajua, Cyprien aliniambia nyumbani zamani: waache wagonge, watachoka.

Bwana yangu akaangalia watu wa mbele. Kravati tupu. Adalbert akageuka, akamungojea.

"Anasema anafunga sababu ya baridi," Cyprien akasema pole pole. "Raia wasipate mafua."

Wakapiga makofi mpaka vumbi ikapanda.

Nyumbani alikaa na kravati shingoni, hakugusa chakula. Nilikasirika mpaka machozi yakanitoka. Kisha akaniuliza kama ninafikiri ile filme itarudi tena.