Mkutano wa Sfax bila Mwalimu Laroussi

Wided aliupita mkahawa mara tatu bila kuingia. Ndani alikaa Mwalimu Laroussi, aliyemfundisha kompyuta tangu akiwa na miaka kumi na mitano, yeye na nusu ya waandaaji wenzake. Zilibaki siku tisa kufikia mkutano wa wapenzi wa Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, wa kusini mwa Tunisia, mjini Sfax, na jina la Mwalimu lilikuwa la kwanza kwenye ratiba.

Wiki iliyotangulia, mwanafunzi wa chuo aitwaye Sirine aliwaandikia waandaaji. Kwenye mkutano wa mwaka jana aliuliza swali, Mwalimu akamnyang'anya kipaza sauti na kumwambia arudi jikoni. Ukumbi mzima ulicheka. Wided alikuwepo, akacheka pia.

Jumuiya ya kimataifa ya Python iliyofadhili mikutano ya kanda iliwataka waandaaji wasimamie kanuni za heshima. Walipiga kura watu wanne, wakaamua kumzuia Mwalimu. Wa kwenda kumwambia hakupatikana, mpaka Wided akasema basi ataenda yeye. Mara ya nne aliingia mkahawani.

"Kaa, binti," Mwalimu alisema. "Mbona unahema kama umefukuzwa na mbwa?"

"Nimetembea sana, Mwalimu."

"Hotuba yangu nimeipunguza. Vijana wa siku hizi hawana subira."

"Mwalimu, mwaka huu hutazungumza."

Mwalimu alikiweka kikombe chini taratibu. "Ni hao wa nje? Wanatusaidia, halafu wanatuchagulia wa kusema?"

Wided alilitamani jibu hilo. Lingemwondoa pale haraka. "Hapana. Tumeamua sisi. Na mimi nimepiga kura."

"Kwa utani ule wa mwaka jana?"

"Kwake haukuwa utani."

"Wewe ulicheka. Nilikuona."

"Nilicheka. Jana nilimwomba radhi."

Mwalimu akatazama barabarani. "Basi nitakuja nikae nyuma, nisikilize tu."

"Hata kukaa, Mwalimu. Mwaka huu hapana."

Mwalimu akafunga vifungo vya koti, akaondoka bila kuaga.

Siku ya mkutano Wided hakukaa kitini. Kila mlango ulipofunguliwa aligeuka. Sirine alieleza programu yake ya kukadiria mavuno ya zeituni kwa kutumia picha. Mwanzoni sauti ilimtetemeka, baadaye ikatulia, na maswali yakawa mengi. Wided aliyasikia nusunusu, macho mlangoni. Mwalimu hakuja.

Wiki mbili baadaye walikutana katika soko la samaki. Wided alimwamkia. Mwalimu aliitikia salamu bila kusimama, akapotea katikati ya wanunuzi.

Jioni ile Wided alijaza fomu ya ile jumuiya ya kimataifa, ya kuomba msaada wa mkutano ujao. Swali moja liliuliza kama kulitokea tatizo lolote, na walifanya nini. Aliandika: "Tulimzuia mzungumzaji mmoja." Akafuta. Akaandika: "Tulimzuia mwalimu wetu." Akainuka, akazunguka chumba, akarudi, akaituma hivyo hivyo.