Msiba Usio na Magari

Kwa Ghati, pale Annandale, Marekani, Jumamosi haikupita bila nyumba kufurika. Watanzania kwa Wakenya waliimba, wakaomba, wakala, kisha wakageukia habari za watu. Hakuna msiba uliowapita, kuanzia Upper Marlboro hadi Fairfax. Ukiona magari yamepanda mpaka kwenye nyasi na viatu vimerundikana mlangoni, huulizi. Unaingia, unashika mwiko.

Jumamosi moja zamu ya kusengenywa ilimwangukia jirani, mzee Whitlow.

"Mkewe simwoni tangu theluji ya kwanza," Ghati alisema, akikunja sambusa. "Kakimbiwa yule, nawaambia."

"Na uzee ule?" Silvanus akadakia. "Kakimbilia wapi, kwa fimbo?"

"Dada, wewe ungekuwa CID," Chepkoech akasema, wakacheka hadi machozi.

Sambusa zilikuwa za kuuza, ili ipatikane nauli ya wainjilisti wa kwenda vijiji vya kwao Mara. Marekani nani angeipelekea mwinjilisti? Si hao hao waliotuletea Biblia?

Kesho yake, baada ya ibada, Ghati aligonga kwa jirani na sahani mkononi. Biashara ilikuwa kisingizio. Umbea ndio uliomtuma.

"Na mama, kasafiri?" aliuliza kwa Kiingereza chake cha kazini.

Mzee aliitazama sahani. "Margaret alifariki kabla ya Krismasi."

"Lakini sikuona magari!" Ndilo lililomtoka.

"Hapakuwa na watu. Kampuni ya mazishi ilimaliza kila kitu. Mwanangu alipiga simu kutoka California."

"Na kanisani kwenu?"

"Tuliacha siku nyingi. Jioni ile alipofariki ndipo nilipotamani mtu wa kuniombea." Akaelekeza kidevu kwenye nyumba ya Ghati. "Niliwasikia mnaimba, nikaja hadi mlangoni. Nikakuta viatu vingi, na ndani mnacheka. Nikaona nisiwaharibie sherehe."

Ghati alirudi kwake mbio, akafunga khanga kiunoni, akapiga simu huku mchele ukiwa motoni. Kufikia jioni magari yalikuwa yamepanda hadi kwenye nyasi za mzee Whitlow. Silvanus alibeba viti, Chepkoech akabeba chai. Hakuna aliyetania.

Mzee alifungua mlango kidogo, mnyororo ukiwa bado umefungwa.

"Tumekuja kukaa na wewe, baba," Ghati alisema. "Tumechelewa."

Mzee aliwatazama mmoja mmoja, akaona wengine wameshavua viatu kwenye baridi ile.

"Mmefanya vizuri," alisema taratibu. "Ila wakati ule ndio nilikuwa nataka watu. Sasa nimeshazoea." Akaufunga mlango polepole, kwa adabu.

Wenzake Ghati wakaanza kuvaa viatu.

"Twende, dada," Chepkoech akanong'ona. "Utaganda hapa."

"Tangulieni."

Ghati alikaa kwenye ngazi, sufuria ya wali mapajani. Akaanza kuomba kwa sauti ndogo, lakini kila alipolitaja jina la Margaret, alijisikia mwenyewe akisema: kakimbiwa yule, nawaambia. Wali ukapoa. Ndani, taa ya sebuleni ikazimwa.