Binti Aliyefichwa Nassa

Eufrasia alipopunguzwa kazi kwenye ushirika wa pamba, miaka ile makampuni ya watu binafsi yalipoanza kununua pamba hadi vijijini, alijifungia ndani kama mfiwa. Aliyemtoa humo alikuwa Mektilda, mwanamke wa Nassa, mrefu, mwenye sauti nzito, aliyezunguka vijijini kufundisha akina mama haki zao kwa niaba ya shirika moja la Mwanza. Kwenye semina yake ya kwanza pale Dutwa aliwauliza wanawake waliobanana kwenye madawati ya shule: nani kati yenu aliulizwa kama anataka kuolewa? Hakuna aliyenyoosha mkono. Eufrasia alirudi nyumbani siku hiyo na moto kifuani.

Tangu hapo wakawa kitu kimoja. Walisimama pamoja mbele ya mabaraza ya wazee, walitukanwa pamoja, walilala kitanda kimoja safarini. Wakaitana dada, na halikuwa neno la mdomoni tu.

Ndipo Nyanjige alipomjia Eufrasia. Nyanjige alikuwa jirani yake, mwanamke mpole asiyezoea kuomba kitu. Binti yake Violeth, wa miaka kumi na saba, alikuwa amefaulu kwenda sekondari, msichana pekee shuleni kwao mwaka ule. Lakini baba yake, Jilala, alikuwa amekwisha kumwahidi kwa mzee mmoja mwenye ng'ombe wengi. Nyanjige aliyaeleza hayo akiwa amepiga magoti, na Eufrasia alipomwinua alikataa kuinuka.

“Mayu, mama yangu, mimi sina pa kumficha,” alisema. “Wewe una watu.”

Eufrasia hakuwaza mara mbili. Alimshonea Violeth sare, akampeleka kwa basi hadi Nassa, akamkabidhi kwa Mektilda akae naye mpaka shule zifunguliwe. Hata Nyanjige hakuambiwa mtoto yuko wapi, ili mumewe akimbana asiwe na la kusema. Na Jilala alimbana kweli. Alimpiga hadi mkono ukavimba, naye Nyanjige akawa anarudia lile lile, kwamba hajui. Kisha ghafla Jilala akanyamaza. Hakuuliza tena, hakumtafuta tena. Eufrasia alifurahi, akaona Jilala amechoka, wameshinda.

Siku ya kuripoti shuleni ilipokaribia alirudi Nassa kumchukua. Mektilda alimpokea kwa vigelegele, akamwekea kiti barazani, akaleta ugali na sangara wa mchuzi. Eufrasia alinawa, lakini hakumega tonge. Nyumba ilikuwa kimya, na kwenye kamba ya nguo hakukuwa na nguo ya msichana.

“Violeth yuko wapi?”

“Kula kwanza, dada.”

“Nitakula. Yuko wapi?”

Mektilda alitazama pembeni. “Yuko kwake. Kwa Masunga.”

Masunga alikuwa mdogo wake Mektilda. Tangu viwanda vya samaki vya Mwanza vianze kugombania sangara, alikuwa tajiri. Alikuwa na mitumbwi, nyumba ya bati na redio iliyosikika mtaa mzima. Mke hakuwa naye. Mektilda alieleza yote bila kupandisha sauti, kama anavyoeleza mada kwenye semina. Masunga alimpenda binti. Si mzee, si mlevi, hana mke mwingine. Ng'ombe walipelekwa kwa Jilala, naye akapokea na kuridhika. Shule ingemsaidia nini, wakati waliosoma wenyewe wanapunguzwa kazi?

Hapo Eufrasia akaelewa kwa nini Jilala alinyamaza. Alijihisi kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo.

“Wewe ndiye uliyenifundisha,” alisema.

“Niliwafundisha wanawake wanaouzwa kwa wazee,” alijibu Mektilda. “Huyu nimemweka mahali pazuri. Ungekuwa na mdogo kama wangu, ungefanya hivyo hivyo.”

Eufrasia aliondoka bila kuaga. Alimkuta Violeth nyuma ya nyumba ya Masunga akianika dagaa, amejifunga khanga mpya. Msichana alimwamkia kwa kupiga goti kama ilivyo desturi, kisha akarudi kwenye dagaa wake. Eufrasia alimwambia afunge vitu vyake, basi la mchana lilikuwa halijapita.

“Shangazi Mektilda alisema mlikubaliana,” Violeth alisema. “Wewe, yeye na baba. Kwamba ile sare mlinishonea ili nisiwasumbue njiani.”

“Si kweli, mwanangu. Nimekuja kukuchukua uende shule.”

Violeth alimtazama kwa mara ya kwanza. “Twende wapi? Kwa baba aliyekula ng'ombe wao, au kwako uliyenileta hapa?”

Eufrasia alikwenda kwa ofisa wa kata, akaambiwa baba ameridhia, mahari imepokelewa, na kwa umri ule sheria ya ndoa haimkatazi. Akapanda basi peke yake.

Kumwambia Nyanjige kulikuwa kugumu kuliko yote. Nyanjige alisikiliza hadi mwisho, huku akiushika mkono wake ambao ulikuwa haujapona sawasawa. Hakulia wala hakulaumu. Aliuliza tu kama mtoto amekonda, kisha akaingia ndani na kufunga mlango.

Mwezi Machi akina mama walikusanyika Bariadi kwa Siku ya Wanawake, na mgeni mzungumzaji alikuwa Mektilda. Alizungumza vizuri kuliko siku zote. Alilaani wazazi wanaobadilisha mabinti kwa ng'ombe, na uwanja ukalipuka kwa vigelegele. Eufrasia alisimama katikati ya watu akasema kwa sauti kwamba mzungumzaji amemwoza kwa mdogo wake mwenyewe msichana aliyekabidhiwa amlinde. Kisha mwenyekiti wa kikundi chao cha akina mama, mwanamke aliyemfundisha Eufrasia mwenyewe kusimama mbele ya watu, alimwomba aketi. Mambo ya nyumbani yasiletwe uwanjani, alisema. Wanaume wanasikia, na shirika likiondoka watabaki na nini? Wenzake waliokaa jirani walimvuta gauni. Jukwaani Mektilda alisubiri utulivu, akaendelea.

Eufrasia alijitoa kwenye kikundi. Wanawake wenye kesi waliendelea kumjia, naye aliwasindikiza hadi mahakamani mchana kweupe, ila hakumkabidhi tena mtu kwa mtu.

Mwaka uliofuata, wakati wa kuvuna pamba, habari zilifika kwamba Violeth amemtoroka Masunga kwa akili yake mwenyewe na yuko Sapiwi kwa mjomba wake, na kwamba Nyanjige amemwacha Jilala akamfuata. Eufrasia aliazima baiskeli akaenda. Nyanjige alimpokea nje ya boma, wakasalimiana mwangaluka, wakaulizana habari za mvua na za mifugo. Hakukaribishwa ndani.

“Naweza kumwona?” Eufrasia aliuliza.

“Amelala.”

Kutoka ndani ilisikika sauti ya msichana akicheka na binamu zake, kicheko kirefu cha mtu aliye macho kabisa. Nyanjige hakugeuka. Eufrasia alimtakia afya njema, akageuza baiskeli, akashika njia ya kurudi Dutwa.